Kwa Nini Pilipili Huwasha: Kapsaisini na Utafiti wa David Julius juu ya Maumivu

1. Kitenzi na swali lake

Msemaji wa Kiswahili aliyeonja pilipili husema kwamba inamwasha au inamchoma. Kitenzi kuwasha ni kauli ya kusababisha ya kuwaka, ambapo k ya mzizi hugeuka sh, kama vile anguka inavyozaa angusha. Kwa maana yake ya asili, basi, kinachouwasha ulimi kinaufanya uwake, sawasawa na kiberiti kinavyowasha taa. Kuchoma nako kuna nyuso mbili: moto huchoma na mwiba huchoma. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya mihadhara ya biolojia katika vyuo vikuu vya Kongo, kimeshika upande wa mwiba, kwani huiita pilipili piquant.

Ni rahisi kudhani kwamba usemi huu wa moto ni tamathali tu. Pilipili iliyo sahanini haina joto lolote. Kipimajoto kikichovywa katika mchuzi uliopoa hakipandi hata kidogo, ingawa mchuzi huo unatoa jasho na machozi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utafiti wa David Julius, mtaalamu wa elimu ya mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ulivyoonyesha kwamba kwa mwili wenyewe tamathali hiyo ni habari ya kweli.

2. Ugunduzi wa mwaka 1997

Kiini cha ukali wa pilipili ni kapsaisini, kemikali inayotengenezwa na mmea. Kwamba kapsaisini huamsha mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu lilikuwa jambo linalojulikana zamani. Katika miaka ya 1940, mtaalamu wa Hungaria Miklós Jancsó alikwisha kuona kwamba wanyama waliopewa kapsaisini kwa wingi hupoteza hisi ya kuwashwa. Lililobaki gizani ni mahali ambapo kemikali hiyo hushika katika seli.

Julius, aliyezaliwa New York mwaka 1955, pamoja na Michael Caterina na wenzao, walilitafuta jibu kwa njia ya subira. Walikusanya vipande vingi mno vya ADN vinavyowakilisha jeni zinazofanya kazi katika seli za fahamu za wanyama wagugunaji. Kisha wakavitia, fungu kwa fungu, katika seli ambazo kwa kawaida hazijali kapsaisini. Seli hizo zilikuwa na rangi maalumu inayobadilisha mng'ao wake pindi kalsiamu inapoingia ndani. Fungu lililoitikia kapsaisini liligawanywa, likagawanywa tena, hata ikabaki jeni moja tu.

Jeni hiyo inaongoza utengenezaji wa protini ambayo leo huitwa TRPV1. Protini hii imekaa katika utando wa seli mfano wa mlango. Ukiwa umefungwa, seli imetulia; ukifunguka, ioni za kalsiamu na sodiamu huingia, na seli hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na hatimaye kwenye ubongo. Kapsaisini ni ufunguo wa mlango huo. Lakini jambo lililowashangaza wengi ni kwamba mlango huo huo hufunguliwa pia na joto lipitalo takriban nyuzi 43 za Selsiasi, yaani karibu na kiwango ambacho mtu huanza kuona maumivu ya kuungua. Kwa hiyo ubongo unapopokea habari kupitia mlango huu hauna njia ya moja kwa moja ya kutambua kama aliyebisha hodi ni kaa la moto au ni tunda la mpilipili.

Mwaka 2000 kikundi hicho kilieleza habari za panya waliozaliwa bila jeni ya TRPV1. Walikunywa maji yenye kapsaisini bila kusita, na hisi yao ya joto kali ilikuwa imepungua. Ilipungua, haikutoweka. Mwaka 2018 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba panya hukosa kabisa kuyakwepa maumivu ya joto pale tu milango mitatu inapokosekana kwa pamoja, TRPV1 ikiwa mmojawapo. Mwili haukuikabidhi kazi ya kujihadhari na moto kwa mlinzi mmoja.

3. Maumivu yasiyo na moto

Faida ya ugunduzi huu inazidi habari za chakula. Ngozi iliyojeruhiwa au kuvimba huwa na asidi nyingi kuliko kawaida, na humo hutolewa kemikali nyingine zinazoulegeza mlango wa TRPV1, hata ukafunguka kwa joto dogo. Ndiyo sababu maji ya uvuguvugu, ambayo kwa ngozi nzima ni starehe, humchoma mtu aliyebabuka kwa jua. Maumivu ya namna hii yana kazi yake, kwani humlazimisha mgonjwa kuitunza sehemu iliyodhurika. Yanapoendelea baada ya jeraha kupona, hayalindi kitu tena. Yamekuwa ugonjwa yenyewe.

4. Mahali ambapo neno moja halitoshi

Baada ya pilipili, Julius aligeukia mimea mingine. Mwaka 2002 yeye na Ardem Patapoutian, kila mmoja katika maabara yake, walitambua mlango wa TRPM8, unaofunguliwa na baridi na vilevile na mentoli, kemikali ya mnanaa. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba mafuta ya haradali hufungua mlango mwingine, TRPA1. Kitunguu saumu kibichi nacho hupitia huko. Mwaka 2021 Julius na Patapoutian walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba, kwa uvumbuzi wao kuhusu vipokezi vya joto, baridi na mguso.

Hapa mwanaisimu anapaswa kuwa mwangalifu. Kiswahili husema pilipili kali, haradali kali, kitunguu saumu kikali. Mwili, kwa upande wake, umetenga mlango wa pilipili na mlango wa haradali na kitunguu. Aidha, kitenzi kuwasha hutumika kwa upupu unaomfanya mtu ajikune, na mwasho wa namna hiyo una njia zake katika mfumo wa fahamu, zisizolingana kabisa na njia za maumivu. Lugha, basi, iligusa ukweli mmoja na kuuacha mwingine. Ushahidi wake ni mwanzo wa swali. Jibu hutolewa na maabara.

Ndege nao wanatoa somo. Methali inauliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Kwa ndege mambo yamepinduka, kwani anaila na haimwashi. Mwaka 2002 Julius na mwenzake walionyesha kwamba TRPV1 ya kuku huitikia joto ila haijali kapsaisini. Meno ya wanyama wanyonyeshao husaga mbegu za pilipili, ilhali ndege huzimeza na kuzitawanya zikiwa nzima. Mmea, kwa hiyo, hufaidika na kemikali inayomfukuza mla mbegu na kumwacha msambazaji wake.

5. Kutoka maarifa hadi tiba

Matumaini ya kwanza yalikuwa kutengeneza dawa za kuufunga mlango wa TRPV1. Dawa hizo zilipojaribiwa kwa watu zilipandisha joto la mwili, na baadhi yake zilipunguza uwezo wa mtu kutambua kwamba kitu kinaunguza. Kumbe mlango unaoleta mateso ndio huo huo unaomlinda mtu asiungue.

Njia iliyofanikiwa zaidi ilikuwa kinyume chake. Mwaka 2009 Marekani iliidhinisha bandiko lenye asilimia 8 ya kapsaisini kwa maumivu ya neva yanayobaki baada ya ugonjwa wa mkanda wa jeshi. Kapsaisini nyingi huamsha ncha za neva kwa nguvu hata zikashindwa kufanya kazi kwa muda, kama Jancsó alivyoona zamani kwa wanyama. Bandiko hilo huwekwa na wahudumu wa afya waliofunzwa. Kusugua pilipili kwenye ngozi hakuwezi kushika nafasi yake, na kunaweza kudhuru.

6. Hitimisho

Mara nyingi kemikali za mimea husifiwa kwa hoja kwamba kitu cha asili ni dawa. Kazi ya Julius inafundisha jambo jingine. Mpilipili haukuumba kapsaisini kwa ajili ya kumfaa mgonjwa. Uliiumba kwa ajili ya kumwumiza mla mbegu. Kwa kuwa kemikali hiyo inaumiza kwa kulenga mahali pamoja mahususi, ilimwezesha mtafiti kupaona mahali hapo. Hata mwaka 2013, Julius na Yifan Cheng walipoonyesha umbo la TRPV1 kwa hadubini ya elektroni, walitumia sumu ya buibui na kemikali ya mmea wenye utomvu mkali ili kuushika mlango ukiwa wazi.

Kwa wale wanaofundisha sayansi kwa Kiswahili, mfano huu una thamani ya pekee. Istilahi kama mlango wa ioni na kipokezi hazina budi kufafanuliwa, lakini mwanafunzi hahitaji kuanza safari mikono mitupu. Anapoingia darasani tayari anajua kwamba moto huwasha na pilipili huwasha. Mwalimu akianzia katika kitenzi hicho, kisha akaonyesha pia mahali kinapokomea, atakuwa ameieleza protini ngumu kwa neno ambalo mwanafunzi amelitumia tangu utoto.