Kura Katika Majaribio ya Tiba ya Macho

Retina ni utando wa nyuma ya jicho upokeao mwanga. Jeni iitwayo RPE65 ikiwa na kasoro, utando huo hudhoofika na mgonjwa hupofuka polepole. Nchini Marekani, watu 31 walijiunga na jaribio la kuingiza jeni isiyo na kasoro machoni kwa kutumia virusi visivyodhuru. Kura iliwagawa: 21 watibiwe mapema, 10 wangoje mwaka mmoja. Je, kungoja huko kulikuwa na haja? Naam. Pasipo kundi la kulinganisha, nafuu isingetofautishwa na mazoea ya kurudia vipimo. Waliotibiwa waliweza kupita njia yenye vizuizi penye mwanga hafifu kuliko awali. Waliongoja, kwa wastani, hawakubadilika, kisha nao wakapewa tiba. Iliidhinishwa mwaka 2017. Ajiungaye na jaribio hutoa ridhaa akiijua kura hiyo, na ana haki ya kujitoa.