Kadi Tatu, Mkoba Mmoja

Zamani deni la nyumba ya Mpwani lilikuwa na makao yake: daftari la mwenye duka. Unga, sukari na mafuta ya taa viliandikwa humo, na mwisho wa mwezi aliyekwenda kulipa aliuona kila mstari kwa macho yake. Siku hizi deni la nyumba hiyohiyo limetawanyika. Kuna kadi ya mkopo ya benki anayopitishia mama mshahara, nyingine iliyochukuliwa kwa ajili ya punguzo la bei, na ya tatu ya baba, aliyoipata alipokuwa kazini Dubai. Juu yake kuna Fuliza na mikopo ya simu. Kila deni lina tarehe yake na gharama yake, na mara nyingi mke hajui la mume wala mume hajui la mke.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Kadi tatu hazimlemei mtu kwa idadi yake; humlemea kwa sababu hakuna mahali pamoja panapoonyesha jumla. Tukumbuke kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni, na agizo lake la kwanza ni kuandika. Basi na tuandike. Chukueni karatasi moja, wawili nyinyi, na kwa kila kadi muandike kiasi kinachodaiwa, asilimia ya riba kwa mwezi, siku ya kufunga hesabu, siku ya mwisho ya kulipa, na ada ya mwaka. Mikopo ya simu nayo iingie humo humo. Asiyethubutu kumwonyesha mwenziwe karatasi hiyo ajue kwamba tatizo lake limeshapita la hesabu.

Siku ya kufunga hesabu na siku ya kulipa huwachanganya wengi. Ya kwanza ni siku ambayo benki hujumlisha manunuzi ya mwezi. Ya pili huja wiki kadhaa baadaye. Anayelipa deni lote kabla ya siku hiyo ya pili kwa kawaida hatozwi riba ya manunuzi. Fedha taslimu zina hukumu nyingine: ukitoa noti kwenye mashine kwa kadi ya mkopo, ada hukatwa papo hapo na riba huanza kuhesabiwa bila kungoja. Ndiyo maana desturi ya kutoa fedha kwenye kadi moja ili kulipia nyingine ni mbaya kuliko zote. Deni halipungui hata shilingi. Linahama tu, na kila safari lina nauli yake.

Mtego wa pili ni kile kiwango cha chini cha malipo kinachoandikwa kwenye taarifa ya mwezi. Tuchukulie mama anadaiwa shilingi 60,000 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, na kiwango cha chini ni asilimia 10. Analipa 6,000 na roho yake inatulia. Lakini 2,100 katika hizo zimekwenda kwenye riba, na deni limepungua kwa 3,900 tu. Akinunua kwa kadi hiyohiyo vitu vya futari vya shilingi 4,000, atakuwa amelipa elfu sita na deni limepanda kwa shilingi mia moja. Isitoshe, kwa kadi nyingi, aliyebakiza deni hupoteza ile nafasi ya kununua bila riba, hivyo futari yenyewe inaanza kutozwa tangu siku ya dukani.

Njia ya kutoka ni nyembamba lakini inapitika. Kadi zote zenye deni zisinunue tena kitu. Kila moja ilipwe kiwango chake cha chini ili faini zisiingie, kisha kila shilingi ya ziada ielekezwe kwenye ile yenye riba kubwa zaidi mpaka iishe. Wako wanaopenda kuanza na deni dogo ili wapate moyo. Siwalaumu, ila gharama yake huwa kubwa zaidi.

Wengi huuliza: nikilipa yote kabla ya siku, je, nimesalimika na riba? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, ilikataza kadi isiyo na amana nyuma yake ikiwa mkataba una sharti la riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa mapema. Mchukulie shekhe wako mkataba wenyewe, usimchukulie maelezo ya mdomo.

Aliyezidiwa asijifiche. Aende benki kabla hajachelewa, aombe kupangiwa upya malipo. Sheria nayo ina kinga: kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki ya Kenya kinazuia benki, mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwapo wakati huo. Na kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kuwapigia jamaa walio kwenye orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Tena wenye madeni wametajwa miongoni mwa makundi manane ya wapokeaji zaka katika Suratut Tawba, aya ya 60. Kuyafikisha mambo kwa wasimamizi wa zaka si fedheha.

Kadi ikishalipwa, kuikata kwa mkasi hakuifungi; ada ya mwaka itaendelea kuja. Iandikie benki barua ya kufunga, udai jibu la maandishi. Baada ya miezi michache, omba ripoti yako kwa mojawapo ya ofisi za taarifa za mikopo, ambayo ni haki yako bila malipo mara moja kwa mwaka, uangalie kama kadi hiyo imeandikwa kuwa imefungwa.