Nyama ya Jumapili, Mchuzi wa Jumatano

Leo tuzungumzie ile nyama unayoipika Jumapili na kuigandisha ili watoto wapate mchuzi katikati ya wiki.

Wengi hudhani baridi ya friza huua viini. La, huvilaza tu. Na hatari huanza kabla ya friza: sufuria inapoachwa jikoni mchana kutwa ikipoa polepole. Kuna viini vinavyostahimili kuchemshwa, navyo huongezeka katika nyama yenye uvuguvugu. Vingine huacha sumu isiyoondoka hata ukichemsha tena. Kwa hiyo usijitegemeze kwa kusema, “nitaipasha vizuri.” Igawe nyama katika vyombo vidogo, ifunike, iingie kwenye friji au friza kabla ya saa 2 kupita tangu uipue.

Je, kwa nini hurudi ikiwa kavu? Maji yaliyomo ndani hugeuka vipande vya barafu vinavyochoma nyuzi za nyama. Ikiyeyuka, majimaji hutoka. Usiyamwage, yapike pamoja na mchuzi. Ile harufu ya nyama ya jana nayo hutokana na mafuta kukutana na hewa. Mtoto akiikataa, usimwite mdekaji. Ladha imebadilika kweli! Nyama iliyogandishwa ndani ya mchuzi wake haikauki upesi kama ya kuchoma. Protini na madini ya chuma hubaki, hivyo bado ni chakula cha kujenga mwili.

Iyeyushe ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza. Toa kiasi cha mlo mmoja tu, kichemshe hadi mchuzi utokote na kipande kikubwa kiwe moto hadi katikati. Kikibaki, usikigandishe tena.

Na stima ikipotea? Usifungue friza. Iliyojaa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ukikuta nyama imeyeyuka na imepata joto, itupe, hata kama bei yake inakuuma. Usiionje kwanza, mara nyingi haina harufu yoyote mbaya.

Mtoto akianza kuhara, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya. Akiwa mlegevu, ana damu kwenye choo au anatapika kila kitu, mpeleke mara moja.