Mlango wa Uuguzi Nyanda za Juu Kusini
Kijana wa Mbeya au Iringa aliyehitimu kidato cha nne, na ambaye moyo wake umeelekea kuwahudumia wagonjwa, sharti aitazame hati yake ya matokeo kabla hajavutiwa na jina la chuo, kwa kuwa stashahada ya uuguzi na ukunga, ya miaka 3, hudai ufaulu wa masomo 4 yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Aghalabu wazazi huulizia ada tu. Kwangu lililo aula ni hospitali iliyo jirani na chuo, kama ilivyo Tosamaganga mkoani Iringa, ambako mwanafunzi hutoka darasani akaingia wodini kupima msukumo wa damu. Ithibati ya chuo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi nchini Tanzania, nayo ihakikishwe kabla ya kulipa hata shilingi.