Nyanya Ikipanda, Mlima Hufungwa: Kalenda Moja ya Soko na Matembezi

Wachuuzi wa mboga wa Kariakoo wana desturi moja inayofaa kuigwa. Mvua kubwa zinapoanza mwezi Machi, hawaanzi kwa kuuliza bei ya nyanya. Huuliza kwanza hali ya barabara ya Mgeta, katika milima ya Uluguru, na ile inayoteremka kutoka Lushoto kuja Mombo. Wakisikia kwamba malori yamekwama, tenga la nyanya lililokwisha ingia mjini hupanda bei kabla jua halijachomoza.

Wiki hii ukurasa huu unaitazama biashara nyingine inayopita katika barabara hizo hizo: matembezi ya milimani. Siku hizi vijana na wafanyakazi wa Dar es Salaam huchangishana fedha, hukodi gari na kwenda kupanda mlima, kutazama maporomoko ya maji au kusimama ukingoni na kuangalia bonde. Waandaaji wengi si makampuni makubwa. Ni watu wenye duka, meza au kazi ya mshahara, ambao wameona hapa kuna kitega uchumi kidogo. Wapo wanaopata na wapo wanaopoteza. Ukichunguza waliopoteza utakuta wengi waliliona soko vizuri, ila hawakuyasoma majira.

Majira manne, bidhaa nne

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni wakati ambao maporomoko hujaa maji kuliko wakati wowote. Ni wakati huo huo ambao njia za milimani huwa mbovu kuliko wakati wowote. Udongo mwekundu wa Uluguru na Usambara huteleza kama sabuni, na mawingu hukaa juu ya vilele siku nzima. Sokoni nyanya ni haba, kwa kuwa mvua huleta ugonjwa shambani na matope barabarani. Bidhaa ya mlima ipo, lakini haifikiki.

Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo msimu wenyewe. Mvua imekatika, vijito bado vina maji na njia imekauka. Sokoni kabichi, karoti na viazi kutoka milimani huingia kwa wingi na bei hushuka. Mchuuzi anayelalamika mwezi Julai kwamba faida ya kabichi imekuwa nyembamba ajue kwamba ukavu ule ule ulioshusha bei yake ndio umefungua njia za mlimani. Tahadhari moja: Lushoto mwezi Julai ni baridi kweli, na ukungu wa asubuhi huweza kufunika bonde. Anayetaka kuona mbali asubiri ukungu uinuke.

Kuanzia Septemba hadi vuli inapoingia, maji hupungua katika maporomoko, na moshi wa mashamba yanayochomwa pamoja na vumbi hupunguza umbali ambao jicho linaweza kuona. Vuli yenyewe, Oktoba hadi Desemba, haitabiriki: mwaka mmoja ni manyunyu, mwaka mwingine ni mafuriko. Kisha huja kiangazi cha Januari na Februari. Jua ni kali, lakini vuli ikiwa imenyesha vizuri hewa huwa safi na milima hubaki ya kijani. Huo ni msimu mdogo wa pili, na waandaaji wengi huusahau kwa sababu mifuko ya wateja imekauka baada ya sikukuu na ada za shule.

Mahali pa kupeleka wateja

Kwa mwenye mtaji mdogo, pa karibu kabisa ni Pugu, katika msitu wa hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, nje kidogo ya jiji. Hapo hakuna maporomoko makubwa, lakini kuna vilima, msitu wa asili na mapango ya machimbo ya zamani yenye popo. Ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, na hata mvua ikiharibu siku, hasara yake ni ndogo.

Morogoro ni ngazi ya pili. Kutoka mjini hadi Morningside, penye nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani, ni mwendo wa saa mbili au zaidi kwa miguu, na ukifika juu unauona mji wote chini yako. Njiani utapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoteremka na ndizi na mboga kichwani kwenda sokoni. Huko ndiko safari ya mzigo wa Kariakoo inakoanzia.

Usambara ni ngazi ya tatu. Maporomoko ya Soni yapo kando ya barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Irente, kilomita chache kutoka mji wa Lushoto, ni ukingo wa jabali ambao chini yake ardhi hushuka ghafla hadi kwenye mbuga ya Mazinde. Safari hii inataka kulala angalau usiku mmoja.

Ngazi ya juu ni Udzungwa, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 hivi, na juu yake unaona bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa. Ndani ya hifadhi hiyo hakuna utalii wa gari. Kila mtu anatembea. Kwa hiyo njia ikiharibika, mwandaaji hana bidhaa mbadala ya kumpa mteja wake.

Mwandishi wa habari hii anayasema hayo akiwa na jeraha lake. Mwaka fulani alilipa fedha zote kwa mwandaaji mmoja wa hapa mjini kwa safari ya Sanje mwishoni mwa Aprili. Kikundi kilifika, mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi waongozaji wakashauri watu wasipande. Tulikula chakula chetu ndani ya basi tukarudi. Mwandaaji hakuwa tapeli. Alikuwa amekwisha lipa basi na malazi, na hakuwa na senti ya kurudisha. Alipoteza wateja ishirini na kitu kwa siku moja, na hatujasikia tena habari zake.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano wa safari ya Morogoro, kwenda na kurudi siku moja. Tuseme kila mteja anatoa shilingi 50,000. Chakula na ushuru ni 12,000 kwa kichwa, waongozaji ni 100,000 kwa kikundi kizima, na basi dogo aina ya Coaster ni 750,000. Bei hizi ni za mfano. Msomaji aweke za kwake.

Kila mteja, baada ya kutoa chakula na ushuru, anabakiza 38,000. Gharama isiyobadilika ni 850,000. Kwa hiyo mwandaaji anahitaji watu 23 ili asipate hasara. Wakijaa 28, anabaki na 214,000. Wakija 18 kwa sababu mawingu yametanda, anapoteza 166,000.

Sasa tutazame treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Stesheni yake ya Dar es Salaam si mbali na Kariakoo. Nauli iliyotangazwa wakati huo kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, yaani 26,000 kwenda na kurudi. Ongeza chakula na ushuru 12,000, pamoja na usafiri wa kutoka stesheni hadi chini ya mlima, tuseme 3,000. Kila mteja anabakiza 9,000 tu. Ni kidogo, lakini gharama isiyobadilika ni ya waongozaji peke yao. Watu 12 wanatosha kuepuka hasara. Wakija 18, faida ni 62,000. Wakija 28, faida ni 152,000.

Fundisho ni hili: basi la kukodi linamlipa zaidi mwenye uhakika wa watu 26 na kuendelea, na uhakika huo hupatikana kipupwe. Vuli, na kiangazi wakati wateja hawana fedha, treni ni salama zaidi, maana tiketi hukatwa kwa idadi ya waliokwisha lipa. Masika, afadhali mtaji upumzike au upelekwe kwenye mboga.

Wanaofaidika bila kupanda

Si lazima kila mwekezaji aandae safari. Mwenye meza ya viatu vya mitumba anaweza kutenga mapema buti na raba zenye soli ya meno, akazitoa mwezi Mei kabla ya wateja kuanza kutafuta. Makoti ya mvua, mabegi ya mgongoni, tochi za kichwani na chupa za maji vyote vinapatikana katika maduka ya Kariakoo. Kinachokosekana ni mtu wa kuvikusanya katika meza moja. Anayenunua Aprili, wakati hakuna anayeuliza, hununua kwa utulivu.

Kwa anayetaka kuandaa safari kama biashara ya kudumu, asikwepe taratibu. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka leseni kwa wanaofanya shughuli za utalii. Ada za hifadhi nazo zilipwe kwa utaratibu wa serikali na risiti itunzwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa mteja: kabla ya kutoa fedha, uliza swali moja. Mvua ikizuia, narudishiwa kiasi gani, na lini? Jibu liwe kwa maandishi.

Mtaji wenyewe ni msitu

Msomaji atakumbuka Oktoba 2022, wakati Dar es Salaam ilipoingia katika mgawo wa maji baada ya Mto Ruvu kupungua. Mama lishe wa Kariakoo walinunua maji kwa madumu, na gharama hiyo iliingia katika sahani ya wali. Mto huo unapata maji yake katika milima ya Uluguru, ile ile tunayoipanda kwa starehe siku ya Jumamosi.

Kwa lugha ya hesabu, maji ni faida na msitu ni mtaji. Kila shamba jipya linalofyekwa kwenye mteremko mkali ni sehemu ya mtaji iliyoliwa. Mwananchi wa mlimani hufyeka kwa sababu kabichi inamlipa na mti haumlipi. Akipata fedha ya kuongoza wageni, kuwauzia ndizi na kuwapikia chakula, mti nao utaanza kumlipa. Kwa hiyo mwandaaji achukue waongozaji wa kijijini na anunue chakula huko huko, hata kama kubeba cha kutoka mjini kungempunguzia gharama kidogo.

Anayepanga safari ya Juni aanze kuchangisha mwezi Aprili, wakati mvua inagonga bati. Na kila anapopita sokoni aulize bei ya tenga la nyanya. Likianza kushuka, njia za mlimani nazo zinaanza kukauka.