Kwenda kwa Miguu, Kurudi kwa Treni

"Kwenda: miguu. Kurudi: treni, ila si baada ya fataki."

Maneno hayo yaliandikwa kwa wino wa buluu nyuma ya ratiba ya familia moja ya Mombasa iliyokuwa ikijiandaa kwenda Disney World, Florida. Ratiba nilikuwa nimeiomba kwa sababu nyingine kabisa. Nilikuwa naandika habari za wazazi wanaoweka akiba miaka nenda miaka rudi ili watoto wakaone kasri la Cinderella kwa macho yao. Habari ile niliimaliza, ikachapwa, lakini mstari ule ulikataa kuniacha. Hoteli ni ileile, lango ni lilelile, na umbali haubadiliki usiku ukiingia. Imekuwaje jibu la kwenda likatofautiana na la kurudi?

Aliyeuandika ni mzee wa Likoni aliyehamia Florida zamani. Kazi yake sasa ni kupokea familia kutoka Kenya na Tanzania, na za Waswahili wa Muscat, na kuzitembeza Orlando. Ujanani alikuwa makanga wa matatu zilizoshusha abiria penye feri ya huko Likoni. Aliniomba nisimtaje jina, kwa hiyo humu namwita Mzee tu. Nilimkuta nyumbani kwa dada yake, alikokuja kumwoza mpwa wake. Nikaletewa kahawa na kaimati, na kabla sijafungua daftari yeye alikuwa ameshaanza kupanga vyombo mezani. Kikombe hiki bustani. Kile hoteli. Sahani ya kaimati, ziwa.

"Tazama hapa kwanza, mwanangu. Usiniulize chochote mpaka umelitazama ziwa."

Hoteli inayozungumziwa ni Contemporary, iliyofunguliwa siku moja na Magic Kingdom, bustani yenye kasri hilo la Cinderella, tarehe 1 Oktoba 1971. Kuta zake kubwa mbili zimeinamiana mfano wa herufi A, na katikati kumeachwa ukumbi mrefu mtupu. Vyumba vilijengwa kando, vikaletwa vizima na kuinuliwa kwa kreni hadi kupachikwa kwenye fremu ya chuma. Ni hoteli yenye historia ya kila namna. Hapo ndipo Rais Richard Nixon alipowaambia wahariri wa magazeti, tarehe 17 Novemba 1973, kwamba yeye si tapeli. Ukutani, kuuzunguka mhimili wa lifti, kuna picha ya vigae ya msanii Mary Blair inayopanda mita 27 hivi. Ndani yake yumo mbuzi mwenye miguu mitano, na Mzee huwapa watoto kazi ya kumtafuta wazazi wao wakiwa mapokezini.

Lakini kinachowaleta watu ni treni. Juu ya ghorofa ya nne, monoreli huingia upande mmoja wa jengo na kutokea upande wa pili, huku watu chini yake wakila staftahi. Kwa mtoto hilo ni ajabu, na hata mtu mzima aliyekwisha kuona mengi husimama na kuinua uso. Mzee anasema hapo ndipo wageni wake wengi wanapopotea hesabu. "Mtu akisikia treni iko ndani ya nyumba, ameshachagua. Hata haulizi inakwenda wapi. Atakwambia, Mzee, nimelipia treni, nitapanda treni. Nami makanga wa zamani, najua gari lolote lazima kwanza uulize linaelekea wapi."

Basi treni inaelekea wapi? Hapa alivuta sahani katikati ya meza, akaanza kuizungushia kidole pembeni.

Ziwa hilo, Seven Seas Lagoon, ni la kuchimbwa. Udongo uliotolewa hapo ulitumika kuinua kiwanja cha Magic Kingdom, ndiyo maana mgeni anayetembea bustanini anatembea juu ya paa la njia za wafanyakazi bila kujua. Bustani iko kaskazini mwa ziwa. Contemporary iko mashariki. Kusini kuna kituo kikuu cha usafiri na tiketi, penye maegesho makubwa ya magari, na ukifuata ukingo kuelekea magharibi kuna hoteli ya Polynesian, kisha Grand Floridian, halafu unarudi bustanini. Kulizunguka ziwa lote kuna boriti mbili za zege zilizo sambamba, na treni hukaa juu ya boriti kama mtu aliyepanda punda. Haziwezi kupishana, haziwezi kugeuka njiani. Kila boriti ina mwelekeo mmoja.

Boriti ya kwanza ni ya hoteli. Treni yake hutoka bustanini, ikasimama Contemporary, ikasimama kituo kikuu, ikasimama Polynesian, ikasimama Grand Floridian, kisha ikarudi bustanini. Ukitoka bustanini kwenda Contemporary ni kituo kimoja tu, dakika chache. Ukitaka kwenda bustanini kutoka Contemporary, treni hiyohiyo inaipa bustani mgongo na kukuzungusha ziwa zima, vituo vitatu, ndipo ikuteremshe cha nne. Robo saa au zaidi ukiwa umekaa, mbali na muda wa kusubiri.

Boriti ya pili ndiyo iliyoniweka macho usiku. Hiyo ni ya treni ya moja kwa moja, inayowachukua walioegesha magari kituo kikuu na kuwapeleka Magic Kingdom. Inazunguka upande wa pili. Kwa hiyo kila asubuhi inapita ndani ya ukumbi wa Contemporary, juu ya vichwa vya wageni wa hoteli, ikielekea hasa kule wanakotaka kwenda. Haisimami. Treni inayosimama inawapeleka mbali na bustani, na inayowapeleka bustanini inawapita ndani ya nyumba yao.

Nilimwomba Mzee arudie. Akarudia, mara hii akiiendesha kaimati moja pembezoni mwa sahani ili nisikosee.

"Kwa nini isisimame asubuhi tu, saa mbili hivi, wenye hoteli wapande?"

"Ungekuwa makanga usingeuliza," akasema, bila kunicheka. "Treni ile imejaa tokea steji. Ukiisimamisha, nani atapanda? Na kila unaposimama, walio nyuma wanasimama nao, maana hakuna njia ya kupita. Kule maegesho watu wanazidi kujaa. Kusimama si bure, mwanangu. Mtu fulani mahali fulani ndiye anayelipa."

Jibu hilo nalielewa, ingawa halijanituliza. Hoteli ile na reli ile zilifunguliwa siku moja. Aliyepitisha treni katikati ya ukumbi alijua itakuwa inaelekea wapi. Je, alihesabu kuwa mgeni wa asubuhi atakubali kuzungushwa, au alitaka tu tuione ikipita? Mzee ana wazo lake. Anaamini treni ile iliwekwa ndani ya jengo ili itazamwe, na kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko ya kubeba watu.

Na miguu? Kutoka Contemporary hadi lango la Magic Kingdom kuna njia ya waendao kwa miguu, tambarare, ya dakika kumi kwa mwendo wa kawaida. Hoteli haina basi la kwenda bustani hiyo. Haina boti ya kwenda huko pia. Boti ndogo zinazotia nanga kwenye gati yake huenda hoteli ya Wilderness Lodge na kambi ya Fort Wilderness, na kila mwaka kuna familia ya wageni wa Mzee inayopanda kimakosa ikidhani inaelekea kwenye kasri. Kwa hiyo uchaguzi ni baina ya treni na miguu, na asubuhi miguu inashinda kwa mbali.

Mzee hahesabu safari kuanzia treni inapoondoka. Huanzia mlango wa chumba. Lifti. Kupanda hadi ghorofa ya nne, kisha ngazi za umeme hadi kwenye jukwaa la treni. Ukaguzi wa mikoba. Kusubiri. Kufunga milango, kufungua milango, mara nne. Njia ya miguu huanzia chini, mlangoni, na ukiichukua hakuna unayemsubiri isipokuwa mkaguzi wa mikoba na mtoto aliyefunguka kamba ya kiatu. Kwa wanaolala Bay Lake Tower, jengo la pili la hoteli lililofunguliwa mwaka 2009, anasema hata swali halipo.

Kisha akafika kwenye fataki, na hapo sauti yake ikabadilika. Hilo ndilo eneo lake.

Kwa mpangilio wa vikombe, kurudi kwa treni ni rahisi: kituo kimoja, umefika. Mchana, au mapema jioni, Mzee huwapandisha wageni wake treni kwa furaha, wachovu, watoto wamelala mabegani. Lakini fataki zinapomalizika juu ya kasri, umati wote unageuka kwa wakati mmoja kuelekea lango. Wenye magari wanakwenda treni ya moja kwa moja au feri. Feri za pale, zinazovuka ziwa hadi kituo kikuu, hubeba watu wapatao 600, zina sitaha mbili, na huingiwa kichwa kimoja na kutokwa kichwa cha pili, jambo ambalo mtu wa Likoni hahitaji kuelezwa. Wenye hoteli wanapanga foleni ya boriti yao. Foleni hiyo inabeba wa Contemporary wanaoshuka kituo cha kwanza pamoja na wa Grand Floridian wanaoshuka cha mwisho, wote katika treni moja ya mabehewa sita.

"Watu wanatazama vichwa," akasema. "Wanaona vichwa vingi, wanaogopa. Au wanaona vichwa vichache, wanaingia. Kichwa hakikwambii kitu. Tazama miguu. Miguu ikisogea nusu hatua, nusu hatua, kila mara, foleni iko hai, kaa. Ukiona watu wamebadilisha mguu wa kuegemea, wameanza kuchuchumaa, mama ameketi juu ya mkoba wake, toka. Usingoje tangazo. Tangazo huja wakati kila mtu ameshajua."

Hilo alijifunza penye feri ya Likoni. Huko, makanga aliyekosea kukisia muda wa abiria kuvuka alikuta gari lake limejaa dakika tano baada ya la mwenzake. Ujuzi ule, ambao hapa kwetu hakuna aliyewahi kumlipa kwa ajili yake, ndio unaomlisha Florida. Nakiri unanigusa. Tunawaona makanga wetu wakining'inia milangoni na kupiga bati, na hatuulizi macho yao yanasoma nini.

Mwaka 2020 ilifunguliwa njia ya miguu kutoka Grand Floridian hadi Magic Kingdom, yenye daraja linalozunguka kupisha boti. Kabla ya hapo wageni wa hoteli hiyo waliliona lango ng'ambo ya maji lakini walilazimika kupanda chombo. Mzee anasema siku njia ilipofunguka, nusu ya ushauri wake wa miaka yote ukawa bure, naye akafurahi. "Njia ya miguu haiharibiki injini. Mvua ya radi ikija, boti zinafungwa. Njia inalowa tu."

Ila njia ya miguu ina deni lake, nalo alilitaja mwenyewe bila kuulizwa. Miaka ya nyuma alikuwa na familia ya Tanga, watu kumi na zaidi, na bibi mwenye magoti mabovu. Asubuhi aliwaambia watembee, bibi asukumwe kwenye kiti cha magurudumu. Njia ni tambarare, hakuna ngazi. Walifika upesi kama alivyosema. Lakini ilikuwa Julai, jua la Florida linakaa juu ya ngozi, na bibi alifika amenyamaza. Mchana kutwa hakusema neno. Usiku alimwita Mzee akamwambia kwamba yeye alitaka kuzungushwa ziwa, na kwamba hakuna aliyemuuliza.

"Nilikuwa nimeokoa dakika ishirini," Mzee akasema. "Sijui nilimwokolea nani."

Nilitaka kujua alifanya nini kesho yake. Alimpandisha treni, yeye na bibi peke yao, wakatangulia kutoka hotelini kabla ya wengine na wakafika baada yao. Wajukuu waliokuwa langoni walilalamika kwa kusubirishwa. Je, kipimo cha upesi ni mtu wa kwanza kufika, au wa mwisho? Familia iliyolipa siku chache tu za bustani, kwa pesa zilizowekwa kidogo kidogo, ina haki ya kudai kila dakika. Na bibi naye alikuwa amelipia tiketi.

Mwezi ujao Mzee anapokea familia kutoka Muscat, watoto wanane na mabibi wawili, vyumba vyao viko Contemporary. Baba wa familia amekwisha kumpigia simu kuuliza asubuhi waamke saa ngapi na wapande nini. Mzee amemjibu la saa tu. La pili amekataa kulijibu kwa simu.

"Nitawatazama kwanza wanavyoteremka garini uwanja wa ndege," akaniambia, akiirudisha sahani ya kaimati upande wangu. "Yupi anashika mlango, yupi anaruka. Na safari hii wale mabibi nitawauliza wenyewe."