Gogo lenye ufa na tundu: lipi litoe bakuli, lipi liende jikoni

Ukishuka Nyololo, pale njia ya Igowole na Mgololo inapoachana na barabara kuu ya Mafinga kwenda Makambako, mbao huzikosi. Huku ndiko Mufindi, nyumbani kwa Shamba la Miti la Sao Hill. Lakini vipande vyenye nyufa na matundu kwa kawaida huishia kuwa kuni. Swali lililotufikia ni hili: kipande cha namna hiyo kinaweza kukerezwa kikawa bakuli la kuuza, bila kumrukia fundi usoni?

Kinaweza. Si kila kipande, lakini.

Tuanze na ufa wenyewe. Mti mbichi umejaa maji. Ukikauka husinyaa, na hausinyai sawasawa: kuzunguka duara lake husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Kwa urefu husinyaa kidogo sana. Huo mvutano ndio unaopasua gogo, na ndiyo maana nyufa hutokea kama nyota kuanzia katikati. Mlingoti una balaa la ziada. Huwa umejibana kwa ndani ukiwa bado umesimama, ukikatwa unajiachia, na unaweza kupasuka siku hiyohiyo.

Kwa hiyo fundi anayetaka bakuli hupasua gogo katikati kwa urefu na kuondoa kiini, kisha hupaka rangi ya mafuta au nta kwenye ncha ili maji yasitoke kwa haraka. Halafu hukereza bakuli la awali lenye ukuta mnene, kama sehemu moja ya kumi ya upana wake. Bakuli la sentimita 30 liachwe na ukuta wa sentimita 3. Lizikwe kwenye maranda ndani ya mfuko wa karatasi wa saruji, kivulini. Lipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, limekauka kwa hali ya hewa ya hapo, na huenda ikachukua miezi. Tunasema "ya hapo" kwa sababu bakuli lililokaukia kwenye ukungu wa Mufindi likipelekwa Dodoma litakauka tena, na ufa uliokuwa umetulia unaweza kufunguka.

Ufa upi unavumilika? Ule mfupi, unaoishia ndani ya mti mgumu. Ufa unaovuka kutoka ukingo hadi ukingo kupitia kitako, au unaofuata duara la mti kama ganda la kitunguu, achana nao. Gonga kipande kwa nyundo ya mti. Kikilia kwa sauti kavu, endelea. Kikitoa sauti iliyopasuka, kipeleke jikoni. Tundu la fundo la tawi lililokufa halina shida mradi kuta zake ni ngumu, ila ukucha ukizama, hapo kuna uozo.

Kwenye mashine ndiko kwenye hatari. Kipande kinapozunguka, tundu halionekani, na patasi ikiingia humo hunasa na kurusha kipande. Anza kwa mwendo wa chini kabisa, patasi iwe kali, ukate kidogokidogo, na usisimame mbele ya njia ya kipande. Kinga ya uso mzima ni lazima, miwani pekee haitoshi. Kidole kisiingie ndani ya bakuli linalozunguka hata kwa kupiga msasa. Sehemu ya tundu isugue kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Mikono mirefu ya shati na kitenge kinachoning'inia, hapana.

Je, tundu lizibwe? Sisi tunapenda liachwe wazi kama bakuli ni la matunda au mapambo, maana hilo tundu ndilo mnunuzi atakalolikumbuka. Bakuli la ugali au mboga ni kesi tofauti, kwani mabaki ya chakula hujificha kwenye nyufa. Unga wa mbao ya mti uleule ukichanganywa na gundi huziba vizuri, ila bakuli hilo nalo libaki la vitu vikavu. Ufa unaweza pia kushonwa kwa waya wa shaba, kama bibi zetu walivyoshona kibuyu kilichopasuka. Marekani, fundi George Nakashima, aliyefariki mwaka 1990, alijulikana kwa kushika nyufa za mbao kwa vipande vya mti vyenye umbo la kipepeo, akiziacha zionekane. Meza zake ziliuzwa ghali.

Kuna jambo moja hatulifanyii mzaha. Mabaki ya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, yasigeuzwe chombo cha chakula. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Vumbi lake usilivute, na kipande hicho usikipeleke jikoni hata kama kuni, kwa sababu moshi na majivu yake vina sumu ileile.

Kumalizia bakuli, oili chafu ya gari pia marufuku. Mafuta ya alizeti yanang'arisha siku mbili tatu, kisha yananuka. Nta ya nyuki iliyopashwa moto polepole inatosha, na warina asali wanayo.